Gari Haliwaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hitilafu za Umeme

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila wiki, mengi kwa simu, na mwulizaji akiwa amesimama kando ya gari lililogoma. Majibu yanahusu magari madogo ya petroli yenye umeme wa volti 12, hasa yale yaliyotumika Japani ambayo ndiyo yamejaa barabarani kwetu. Sehemu kubwa inafaa pia kwa dizeli, isipokuwa pale ninapotaja plagi na koili (vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli). Maswali nimeyapa namba ili nikisema "tazama swali la 5" usipotee.

## Kabla hujanunua chochote

1. Gari haliwaki. Nianzie wapi?

Anzia masikioni. Washa swichi, geuza ufunguo hadi mwisho, kisha sikiliza. Kuna mambo manne makuu unayoweza kusikia, na kila moja lina njia yake.

Ukisikia tik-tik-tik za harakaharaka kama mashine ya kushonea, umeme haufiki wa kutosha: betri imelala au kichwa chake hakijashika. Nenda swali la 3 hadi la 6. Ukisikia "tik" moja nzito halafu kimya, umeme umefika kwenye stata (mota inayozungusha injini ili iwake) lakini stata haizungushi. Tazama swali la 13. Kukiwa kimya kabisa huku taa za dashibodi zikiwaka vizuri, amri ya ufunguo haifiki kwenye stata. Tazama swali la 14. Na kama stata inazungusha injini vizuri ila moto haushiki, acha betri na stata, hazina kosa. Nenda swali la 17.

Mtu akinipigia na kusema "gari haliwaki" bila zaidi, swali langu la kwanza ni hilohilo: linapiga stata au halipigi? Jibu lake linaondoa nusu ya kazi.

2. Redio inapiga na taa za dashibodi zinawaka. Si ina maana betri ni nzima?

Hapana. Redio inakula ampea chache tu. Taa kubwa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinakula kama ampea 9. Stata ya gari dogo inataka ampea 100 hadi 200, na ile sekunde ya kwanza inataka zaidi. Betri iliyochoka inaweza kukupigia taarabu mchana kutwa na bado ishindwe kuzungusha injini mara moja. Betri inapimwa ikiwa na mzigo, siyo ikiwa imepumzika.

3. Sina kifaa chochote. Naweza kupima nini?

Washa taa kubwa, elekeza gari ukutani au mwombe mtu asimame mbele, kisha piga stata huku mkiangalia mwanga.

Taa zikififia sana na stata ikavuta kwa tabu, betri ni dhaifu, au stata yenyewe inakula umeme kupita kiasi. Taa zikizimika kabisa kama zimekatwa, halafu zikarudi ukiachia ufunguo, ninashuku kichwa cha betri kilicholegea kabla ya betri. Taa zikibaki na mwanga uleule na hakuna kinachozunguka, betri iache. Umeme wa stata umekatika mahali fulani njiani.

Baada ya kupiga stata mara mbili tatu, gusa vichwa vya betri kwa tahadhari. Kilicho cha moto ndicho hakijashika. Umeme unapobanwa penye njia nyembamba hutoa joto, na kidole chako ni kipimo tosha.

4. Nina mita ya kupimia umeme. Namba zipi ni nzuri?

Weka mita kwenye volti za DC. Gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 au juu kidogo. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imebaki robo. Chini ya 11.8 hiyo imelala. Kama gari limezimwa sasa hivi, washa taa kubwa dakika mbili, zima, ndipo upime, la sivyo mita itakudanganya kwa umeme wa juujuu.

Kipimo cha pili ndicho muhimu: mwenzako apige stata huku wewe ukiangalia mita. Isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri inayosoma 12.5 ikiwa imepumzika na kuanguka hadi 7 stata ikipigwa imeharibika ndani, na kuichaji ni kupoteza umeme wa Tanesco.

Cha tatu: gari likiwaka, volti zipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Zikibaki 12 na kitu huku zikishuka taratibu, alteneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) haichaji. Zikivuka 15, alteneta inachaji kupita kiasi na itaichemsha betri.

## Betri na vichwa vyake

5. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye kichwa cha betri una madhara?

Una madhara kuliko watu wanavyodhani. Ni chumvi zinazotokana na asidi kugusa madini ya kichwa na waya, na hazipitishi umeme vizuri. Tanga, Zanzibar na pwani yote, hewa ya chumvi huongeza kazi.

Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Mwagia maji ya moto yenye magadi soda, ukiziba vifuniko vya betri ili maji yasiingie ndani. Soda ya chupa inasafisha pia, lakini inaacha sukari, kwa hiyo suuza. Sugua kichwa na ndani ya pete ya waya kwa msasa hadi ving'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Wakati wa kurudisha anza na chanya, malizia na hasi. Ukifuata mpangilio huo, spana ikiteleza ikagusa bodi haitatoa cheche.

Kichwa cha betri kilichokazwa vizuri hakizunguki kwa mkono. Ukikizungusha kikakubali, umepata mgonjwa wako.

6. Nimeweka betri mpya na bado stata inavuta kwa tabu. Je, ni stata?

Inaweza kuwa stata. Lakini kabla ya kwenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta nyingine, pima waya. Mzee mmoja aliniletea gari lililokuwa limeshabadilishiwa betri mbili na stata moja ndani ya miezi mitatu. Kila kifaa kipya kilisaidia siku chache. Nilipoinama nikaona waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi uko salama, ila ule unaounganisha bodi na injini ulikuwa umebaki nyuzi nne au tano, zilizobaki zimeliwa na kutu chini ya mpira. Nje ulionekana mzima kabisa. Waya mmoja mfupi, boliti mbili, gari likapiga stata kama limetoka melini jana. Mzee alitaka kunikumbatia na kulia kwa wakati mmoja.

Kipimo chake ni hiki. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa chenyewe cha hasi, siyo kwenye pete ya waya, na ncha nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Mita ikisoma 0.2 au chini, njia ya hasi ni safi. Ikisoma nusu volti au zaidi, umeme unapotea njiani. Upande wa chanya fanya vivyo hivyo: kutoka kichwa cha chanya hadi boliti kubwa ya stata, na hapo nusu volti ndiyo mwisho. Kupima namna hii kunakamata waya uliooza ndani ambao jicho haliuoni, na ambao ukipimwa bila mzigo unaonekana mzima.

7. Betri inaisha nikilaza gari siku mbili. Nani anaila?

Kuna kitu hakilali. Gari likizimwa, saa, alamu na kompyuta hubaki zikinywa kidogo, na hadi miliampea 50 hivi ni kawaida. Lakini taa ya buti ya wati 5 iliyobaki ikiwaka inakula karibu ampea 0.4, yaani ampea-saa 10 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 haifiki siku ya tano.

Kumtafuta mwizi: zima kila kitu, fungua waya wa hasi, weka mita kwenye ampea, tundu la 10A, kisha iunganishe kati ya waya na kichwa cha betri. Usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Subiri nusu saa ili kompyuta zilale. Mita ikibaki juu, chomoa fyuzi moja moja ukitazama namba. Fyuzi ikitoka namba ikaanguka, njia hiyo ndiyo inayonyonya.

Wezi ninaowakamata mara kwa mara ni vifaa vya kuongezwa: redio yenye kioo kikubwa iliyounganishwa moja kwa moja na betri, kifaa cha kufuatilia gari, alamu ya zamani. Fyuzi zote zikitoka na namba haijashuka, shika alteneta asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa na uvuguvugu, diodi zake (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) zinavuja.

8. Ninunue betri gani?

Fuata msimbo ulioandikwa kwenye betri ya zamani, mfano 46B24L. Namba ya kwanza ni nguvu, B ni kundi la upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, na L au R ni upande wa kichwa cha chanya. Ukikosea herufi hiyo waya hazifiki, na mafundi wengine wataivuta kwa nguvu hadi iguse boneti. Ukiona S mwishoni, vichwa ni vinene. Kwa joto letu betri nyingi huanza kuchoka kwenye mwaka wa tatu.

9. Niongeze maji au asidi?

Maji ya betri yaliyosafishwa, basi. Asidi haipungui, maji ndiyo yanayoondoka. Anayekuongezea asidi ili "kuipa nguvu" anaimaliza.

## Kubusti na kusukuma

10. Waya za kubustia zinaunganishwaje?

Nyekundu kwenye chanya cha betri iliyolala, ncha ya pili kwenye chanya cha betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Cheche hutoka kwenye ncha ya mwisho, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Ndiyo maana haifungwi juu ya betri. Acha gari zima lingurume dakika tano, kisha piga stata. Kutoa ni kinyume chake.

Ukigeuza chanya na hasi, bahati yako ni fyuzi kuu kuungua peke yake. Bila bahati, diodi za alteneta na kompyuta zinaifuata. Betri iliyovimba au kupasuka usiibusti kabisa.

11. Naweza kusukuma gari la oto?

Hapana. Kwenye gari la oto injini na magurudumu havijafungwa pamoja injini ikiwa imelala, kwa hiyo mtaishia kutoka jasho. La manyuali linakubali: swichi wazi, gia ya pili, klachi chini, likichanganya achia klachi. Lakini kama betri imekufa kabisa hata dashibodi haiwaki, koili na pampu ya petroli hazitapata umeme, na vijana wa kijiweni watataka malipo yao hata hivyo.

12. Fundi huchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili kupima alteneta. Ni sahihi?

Mkataze. Zamani, gari likiwa na kabureta na platinamu, vya kuungua vilikuwa vichache. Leo betri ndiyo inayomeza mawimbi ya alteneta; ukiichomoa ghafla, volti zinaweza kuruka hadi makumi kadhaa kwa kufumba na kufumbua, na kompyuta ya injini haikutengenezwa kwa hilo. Mita ya bei ndogo inajibu swali hilohilo bila hatari (swali la 4). Nimeshapokea magari yaliyokuja na tatizo la betri na kuondoka na bili ya kompyuta kwa ajili ya "kipimo" hiki.

## Umeme upo, stata haizunguki

13. Nasikia "tik" moja tu. Stata imekufa?

Fanya kwanza kipimo cha swali la 6. Waya zikiwa safi na betri nzima, basi ndiyo, tatizo liko ndani ya stata: kaboni zimeisha, au vigusio vya shaba vya solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) vimelika. Vyote vinabadilishwa, si lazima ununue stata nzima.

Watu huigonga kwa nyundo na gari linawaka. Ni kweli, kaboni iliyoning'inia inashuka na kugusa tena. Igonge kidogo ufike nyumbani, kisha uifungue. Lakini kama betri ni nzima na taa zinafifia sana kwa ile tik moja, hakikisha injini yenyewe haijakaza, kwa kuizungusha kwa spana kwenye puli.

14. Kimya kabisa, hata tik hakuna.

Gari la oto: tia gia N ujaribu. Swichi ya usalama iliyo kwenye gia huchoka upande wa P, na N hukubali. Nimewahi kumwondoa mtu njia panda usiku kwa ushauri huo wa sentensi moja kwenye simu. La manyuali: kanyaga klachi hadi mwisho, nayo ina swichi yake.

Halafu angalia fyuzi ya stata na rilei yake (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme). Kwenye boksi la fyuzi rilei nyingi hufanana. Badilishana na ya honi ikiwa namba zilizoandikwa juu ni zilezile. Rilei ikilia na stata ikanyamaza, pima kama waya mwembamba wa solenoidi unapata volti 12 ufunguo ukigeuzwa. Unapata? Stata ndiyo mbovu. Haupati? Rudi nyuma kuelekea swichi ya ufunguo, na usisahau kitufe cha siri ambacho mwenye gari wa kwanza alikifunga kuzuia wezi na hakukuambia.

15. Fyuzi inaungua kila nikiiweka. Niweke kubwa zaidi?

Hapana, wala waya, wala karatasi ya sigara. Fyuzi inaungua badala ya waya wa gari. Tafuta panapogusana, panya ni mtuhumiwa wa kwanza kwa gari lililolala muda mrefu.

16. Gari la kitufe halipigi stata, linawasha redio tu.

Kompyuta haijaona breki ikikanyagwa, au haijaona rimoti. Mwombe mtu aangalie taa za breki nyuma. Kama haziwaki, swichi ya breki au fyuzi ya STOP ndiyo tatizo, siyo stata. Kwenye Toyota nyingi za kitufe, ukiwa kwenye ACC (hatua ya kitufe inayowasha redio tu) na gia P, kanyaga breki na ushikilie kitufe kama sekunde 15; litapiga stata la dharura. Kama ni rimoti, gusisha kichwa chake kwenye kitufe chenyewe, uwashe, kisha ununue kibetri chake, mara nyingi CR2032 au CR1632.

## Stata inazungusha, moto haushiki

17. Inazunguka vizuri lakini haiwaki. Bado ni umeme?

Mara nyingi ndiyo. Washa swichi bila kupiga stata na usikilize upande wa kiti cha nyuma: kwenye magari mengi pampu ya petroli hunguruma sekunde mbili, ingawa mengine huianzisha pale tu stata inapopigwa. Ikinyamaza hata stata ikipigwa, angalia fyuzi ya EFI (mfumo wa kupulizia petroli) na rilei ya pampu. Kisha tazama sindano ya mizunguko wakati stata inazunguka. Ikilala sifuri bila kutikisika kabisa, sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini) inashukiwa, kwa sababu bila yake kompyuta haijui lini itoe moto wala mafuta.

Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina mgandamizo, acha kupiga stata. Huenda taiming belti (mkanda unaooanisha valvu na pistoni) imekatika, na hapo si kazi ya fundi umeme tena.

18. Taa ya ufunguo inamweka kwenye dashibodi.

Hiyo ni imobilaiza, kinga ya wizi inayosoma kichipu cha ufunguo. Kumweka gari likiwa limezimwa ni kawaida. Ikiendelea kumweka swichi ikiwa wazi, gari halijautambua ufunguo. Jaribu wa akiba, na uondoe funguo nyingine kwenye mnyororo. Ufunguo uliochongwa bila kichipu utafungua mlango, utageuka na mara nyingi hata stata itapigwa, lakini moto hautashika.

## Mengine ya pembeni

19. Asubuhi linawaka. Likipata moto nikilizima, haliwaki hadi lipoe.

Rudi swali la 1: linapiga stata au halipigi? Kama linapiga, lowesha kitambaa kwa maji baridi na uifunike sensa ya kranki dakika chache. Likiwaka, umeipata. Kama halipigi, stata iliyo karibu na bomba la moshi inashindwa na joto.

20. Nina haibridi. Stata iko wapi?

Haina stata ya kawaida; mota kubwa ndiyo inayoamsha injini. Ila kuamka kwa mfumo kunategemea betri ndogo ya volti 12, na ikilala hupati taa ya READY (gari liko tayari) hata betri kubwa ikiwa imejaa. Kwenye Prius za kizazi cha pili na cha tatu iko kwenye buti upande wa kulia, na sehemu ya kubustia iko kwenye boksi la fyuzi mbele, chini ya kifuniko. Betri hiyo hukaa ndani ya gari, kwa hiyo nunua aina yenye bomba la kutolea hewa. Waya za rangi ya machungwa usiziguse.

21. Limezimika kwenye mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam. Nipige stata?

Usipige. Maji yakiwa ndani ya silinda, stata au injini inaweza kupinda mikono ya pistoni. Fungua waya wa hasi, livutwe, plagi zitolewe kwanza, oili iangaliwe rangi. Soketi za kompyuta zikaushwe kwa hewa, siyo kwa moto wa mkaa.

22. Nimebadilisha betri na redio sasa inaandika Kijapani, inaomba kadi.

Imejifunga kwa sababu umeme ulikatika. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani hutaka kadi ya ramani yake au namba ya kufungulia. Safari ijayo hakikisha gari halikosi umeme kwa kuweka betri ya pembeni unapobadilisha. Sailensa (mngurumo wa injini gari likiwa limesimama) nayo inaweza kuyumba siku moja mbili hadi kompyuta ijifunze upya. Hilo lisikupeleke kwa fundi.